Hadidu za Rejea na Ripoti Isiyorejea

Istilahi ya kwanza niliyokutana nayo nilipoanza mafunzo kwa vitendo haikuwa faida wala hasara. Ilikuwa "hadidu za rejea". Msimamizi wangu aliniwekea mezani karatasi kadhaa akaniambia nizisome kabla ya adhuhuri, kwani humo ndimo kazi yetu yote ilimoandikwa. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, lakini juu ya jalada mtu alikuwa ameandika kwa penseli maneno hayo matatu, nami nikayapenda papo hapo, kama mtu apendavyo ubeti ambao vina vyake vimekaa sawa. Hadidu ni mipaka. Rejea, mbali na maana yake ya kitaalamu, ni kurudi. Kwa ugeni wangu nikadhani nimepewa mipaka ya safari pamoja na ahadi ya kurudi. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimeshajua kwamba mipaka ipo, na kwamba ahadi nilijitungia mwenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa biashara, mwaka wa tatu, na mtunzi wa mashairi wa kujificha, kama walivyo wengi mnaosoma haya. Kwetu mafunzo kwa vitendo, au fildi kama tunavyoiita wenyewe, ni sharti la kuhitimu. Wenzangu walikwenda benki, wengine hoteli za Nungwi na Kiwengwa. Mimi nilipata nafasi katika kampuni ndogo ya ushauri elekezi, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ndani ya Mji Mkongwe, yenye ngazi za mbao zinazolia kila unapokanyaga. Kampuni siitaji jina. Waliomo walinipokea kwa wema na kunifunza mengi. Ninayoyalalamikia ni desturi ya kazi yote hii, na kosa mojawapo ni langu mwenyewe.

Ushauri elekezi. Tulitazame neno lenyewe kabla ya kwenda mbali. Shauri, katika Kiswahili chetu, ni jambo lililo baina ya watu. Tunafanya shauri, tunakata shauri, tunashauriana, na anayekataa kusikia tunamwambia shauri yako, yaani tumemwachia peke yake kilichokuwa kiwe chetu sote. Kitenzi hiki hupenda kauli ya kutendana. Akaja mtu, kwa nia njema ya kuitofautisha taaluma hii na ushauri wa jirani, akaongeza "elekezi", kutoka elekea, kutoka elekeza. Mshauri mwelekezi ndiye anayekugeuza uso utazame anakotaka yeye. Siipingi istilahi, imeundwa kwa kanuni na imeshika. Ninachosema ni kwamba katika vitendo kivumishi kimeimeza nomino. Kuelekeza kumebaki, kushauriana kumekwenda zake.

Chini ya dirisha la ofisi yetu palikuwa na baraza, yale mabenchi ya mawe na chokaa yaliyojengwa pamoja na nyumba. Kila alasiri wazee hukaa pale na kahawa, na hapana jambo la nchi lisilopita hapo: bei ya mchele, meli iliyochelewa, mirathi ya watu. Si bure kwamba neno hilohilo la benchi la mawe ndilo tulilowapa wanaotunga sheria, Baraza la Wawakilishi, na wanaolinda lugha, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Sisi ghorofani tulikuwa tukiuza kwa fedha za kigeni bidhaa ambayo chini ilitolewa kwa bei ya kikombe kimoja. Niseme kweli pia: wazee wa barazani hawawezi kuhesabu kaya mia tatu, wala hawana subira ya jedwali. Kazi ya ghorofani ina maana yake. Lakini sikumbuki siku ambayo mmoja wetu aliteremka kuuliza.

Mradi niliopewa ulihusu mwani. Kwa asiye wa visiwani: kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kwa muda mrefu kimekuwa mikononi mwa wanawake. Hupigwa vijiti mchangani, hufungwa kamba baina yake, na katika kamba hufungwa vipande vya mwani kimoja kimoja. Ukikomaa huvunwa, huanikwa, huuzwa kwa wanunuzi na kusafirishwa nje kutolewa karajinani, kile kizito kinachotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Aina ni mbili kubwa, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo iliyokuwa ikifa pwani ya mashariki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto. Tangu mwaka 2020 habari hizi zote zimeingia chini ya mwamvuli wa uchumi wa buluu, wenye wizara yake, na palipo na mwamvuli washauri waelekezi hawakosi.

Dodoso lililetwa likiwa tayari kwa Kiingereza. Kwa kuwa ilikwisha julikana kwamba mimi ni "mtu wa mashairi", nikapewa nilitafsiri, usiku mmoja. Nikalitafsiri. Nilitumia istilahi sanifu, nikahakiki upatanisho wa kisarufi, na kulipokucha nilijiona nimefanya jambo. Asubuhi ya pili tukapanda gari ya Jambiani, ile 309, na vishikwambi vyetu mkobani. (Kishikwambi ni istilahi mojawapo iliyochekwa sana ilipotoka. Mimi nimeizoea, na naitetea.)

Swali la kwanza la dodoso lilikuwa jepesi kupita yote: "Je, una kazi?" Mama wa kwanza niliyemhoji alikuwa amekaa kizingitini, vidole vyake vimenywea na kupauka kwa chumvi, pembeni yake rundo la kamba alizokuwa akizifumua. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanikaribisha mkekani. Nikamuuliza. Akasema: "Kazi sina, mwanangu. Nalima mwani tu."

Nikabonyeza "hapana". Kishikwambi kikaruka maswali kumi na moja yaliyofuata, yote ya kazi na kipato, kikanipeleka moja kwa moja kwenye idadi ya watoto. Ndivyo kilivyopangwa: asiye na kazi haulizwi kazi yake. Siku ile niliwahoji wanawake tisa. Wote tisa walinijibu hivyo, na wote tisa niliwaandika hawana kazi, huku nikiziangalia kamba zao.

Nataka washairi walitazame lile "tu". Miaka yote nimefundishwa kwamba ni kielezi kidogo. Pale kizingitini lilikuwa limebeba historia nzima. Kwa watu wengi wa visiwani, khasa wa umri ule, kazi ni ajira: ni kwenda ofisini, ni mshahara mwisho wa mwezi, ni kazi ya serikali. Kulima, kuvua, kusokota kamba za usumba, hayo ni maisha. Yule mama hakunidanganya wala hakujidharau. Alijibu kwa Kiswahili sahihi swali lililoulizwa kwa Kiswahili kisichojua kinauliza nini. Kama ningemuuliza "Unashughulika na nini?" ningepata jibu la nusu saa.

Usiku ule nikamweleza msimamizi. Alinielewa mara moja, akalibadilisha swali kabla hatujalala, na kuanzia siku ya pili mambo yalikwenda vingine. Lakini majibu ya siku ya kwanza yalikuwa yameshatumwa, na kuwarejea wale tisa kungekula siku nzima ambayo bajeti haikuwa nayo. Kwa hiyo wamo mpaka leo katika asilimia ya wanawake wasio na kazi, ndani ya jedwali la rangi mbili. Wameingia humo kwa kidole changu.

Siku ya pili nikaulizwa mimi. Nilimsomea bibi mmoja swali: "Kwa wastani, unafanya kazi hii saa ngapi kwa wiki?" Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyepotea njia ya skuli. "Wiki ipi, mwanangu? Ya bamvua au ya maji mafu?"

Bamvua najua, nimezaliwa kisiwani. Lakini nilikuwa nimelijua kama neno la kamusi na la mashairi, neno zuri la kumalizia mshororo. Kumbe ni saa ya kazi. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, maji hupwa mbali sana, na kwetu bamvua hukausha mchanga wakati wa asubuhi. Hapo ndipo mashamba yanapofikika, na hapo ndipo mwanamke hushinda baharini, maji ya goti, mgongo umepinda, siku baada ya siku. Baina ya bamvua na bamvua ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na shamba halifikiki vizuri. Hapo hufunga kamba nyumbani, huanika, hushughulika na mengine. Juma la siku saba halimo katika hesabu hiyo. Nilikuwa na kisanduku kimoja cha kuandika tarakimu mbili. Nikajumlisha, nikagawa, nikaandika 20. Hapana wiki hata moja katika umri wa bibi yule aliyofanya kazi saa ishirini.

Mengine niyapitie upesi. Nilimuuliza mama mmoja kama amewahi kuchukua mkopo. Hapana, hajachukua, ila kamba na vijiti "nimepewa na wanunuzi", na kwa hivyo mwani humuuzia huyo aliyempa, kwa bei ya huyo aliyempa. Katika jedwali: hana mkopo. Mwingine nilimweleza kwamba tunazungumza na wadau wote, naye ni mdau muhimu. "Dau sina," akasema. "Dau ni la shemeji yangu." Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu kotonii iliyobaki hustawi zaidi maji ya kina, na maji ya kina hayafikiwi kwa miguu. Asiye na dau, na asiyejua kuogelea, hana kotonii. Alikuwa amenipa muhtasari wa tatizo lote kwa maneno mawili, na mimi nimefunzwa kwamba mdau hutokana na dau la mchezoni, la kamari, si la baharini. Nani kati yetu alikuwa karibu zaidi na maana?

Na mnyororo. "Mnyororo wa thamani" ni istilahi iliyokita kabisa katika nyaraka za maendeleo, na nilipoitamka mbele ya kikundi cha wanawake kumi na wawili mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, nani amefungwa. Pale Mkunazini, dakika chache kutoka ofisini kwetu, katika ua wa kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna sanamu za watu waliosimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Nimepita hapo mara ngapi tangu utotoni? Wakati natafsiri sikuikumbuka. Siku iliyofuata niliacha mnyororo, nikauliza: "Mwani ukitoka mikononi mwako, unapita mikononi mwa nani?" Wakahesabu kwa vidole, wakabishana, wakanitajia watu ambao hadidu za rejea hazikuwajua.

Tuliporudi mjini niliandika kurasa nne za mambo kama haya. Msimamizi alizisoma, akakubali kwamba bamvua lazima liingie. Kiingereza nacho kina neno la bamvua, lakini linafanana na jina la majira ya machipuko ya Ulaya. Rasimu ikaenda kwa mhariri wa mbali, akalidhania majira, akaona kwamba visiwani hapana machipuko, akalifuta. Mapendekezo yalipotoka, la tatu lilikuwa hili: wakulima wapewe mafunzo ya ujasiriamali kila Jumanne, saa tatu asubuhi, kwa majuma kumi na mawili mfululizo. Atakayeweka kalenda ya mwezi kando ya pendekezo hilo ataona kwamba Jumanne nyingi kati ya hizo darasa litakuwa tupu, na ataona pia, nina hakika, ripoti nyingine itakayoandikwa baadaye kueleza kwamba mwamko wa wanawake ni mdogo.

Nilimuuliza msimamizi kwa nini ripoti isiandikwe kwa Kiswahili, hata muhtasari. Hakunikaripia. Akaniuliza swali la mfanyabiashara: "Nani atalipia tafsiri?" Ni hoja halali. Mfadhili husoma Kiingereza, ndiye anayelipa, na siku za mkataba zinahesabika. Lakini swali lenyewe linachukulia kwamba Kiswahili ni kitu kinachokuja baadaye, kwa gharama ya ziada, kama nakshi. Wale wanawake walifikiri kwa Kiswahili, walijibu kwa Kiswahili, na mimi niliwasikia kwa Kiswahili. Tafsiri iliyofanyika bila mtu kuilipia, na bila mtu kuihakiki, ni ile ya kutoka kwao kwenda kwenye ripoti.

Kuna kinaya hapa ambacho wapenzi wa lugha hamtakikosa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Karibu miaka mia sasa, lugha iliyotoka kisiwa hiki inafundishwa hata vyuo vya mabara mengine, UNESCO imeipa siku yake, tarehe 7 Julai, na ripoti juu ya watu wa kisiwa hiki haijui kuiandika. Tena Kiunguja kilichochaguliwa ni cha mjini. Pwani ya mashariki na kusini wana lahaja yao, iliyo jamaa na Kimakunduchi, ambayo BAKIZA imeiwekea kamusi kama ilivyoviwekea Kipemba na Kitumbatu. Sina hakika kama kuna mshauri mwelekezi aliyewahi kulifungua kamusi hilo. Mimi sikulifungua, na nilikuwa na usiku mzima.

Watu husema Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Si kweli, na makala hii ni ushahidi: hadidu za rejea, dodoso, mdau, mnyororo wa thamani, kishikwambi, yote yapo na yanatumika. Tatizo liko katika upande maneno yanakotoka. Yote hayo yametengenezwa kwa kusubiri neno la Kiingereza lifike, kisha kulitafutia vazi. Bamvua halikusubiri neno lolote. Maji mafu halikusubiri. Hayo ni maneno ya kiuchumi yaliyokomaa, yenye kipimo ndani yake, na hakuna aliyefikiri kuyaweka juu ya safu ya jedwali. Chuoni nimefundishwa ugavi na mahitaji kwa Kiingereza kwa miaka mitatu. Maneno ya Kiswahili ya taaluma yangu nimeyaokota mwenyewe, mengine magazetini, mengine mkekani Jambiani.

Nilipokuwa nikiisoma ile ripoti iliyokamilika, kurasa zaidi ya tisini, sijui kwa nini nilimkumbuka Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Mengi aliyomwambia leo tunayajadili, na baadhi yetu tunayakataa waziwazi, mimi nikiwamo. Lakini tunaweza kuyakataa kwa sababu tunajua nani anasema, anamwambia nani, na kwa lugha ambayo aliyeambiwa angeweza kumjibu. Ripoti yetu ilijaa "inapendekezwa kwamba" na "inashauriwa kuwa". Nafsi ya pili haimo hata mara moja. Bibi wa bamvua hawezi kuikataa, maana hajui kwamba ameshauriwa.

Basi ndugu zangu washairi, nasema na nyinyi khasa. Tunatumia jioni nzima kugombana juu ya mizani ya mshororo, na ni sawa tugombane. Lakini maneno ambayo kwayo nchi inahesabiwa yanatengenezwa usiku na wanafunzi wenye usingizi, wasio na wa kumuuliza. Dodoso ni utungo. Lina sauti, lina msikilizaji, na swali lake baya huharibu zaidi kuliko kina kibaya. Anayejua tofauti ya "una kazi" na "unashughulika na nini" anahitajika katika ofisi zile kuliko anavyodhani, na kazi hiyo inalipa, jambo ambalo ushairi, tusidanganyane, haujafanikiwa kulifanya. Nami nikihitimu nataka kurudi ghorofani kule kule, ila nikiwa na sharti: kurasa mbili za Kiswahili, zisomwe kijijini kabla ripoti haijatiwa sahihi, na atakayesema "sivyo" asikilizwe. Gharama yake ni nauli.

Nimekwisha kulijaribu mara moja. Wiki mbili baada ya fildi kumalizika nilizifupisha zile kurasa zangu nne zikawa mbili, nikaziandika kwa hati ya kusomeka, nikapanda 309 kwa fedha yangu mwenyewe. Nilikuwa na nia ya kuanza na wale tisa wa siku ya kwanza. Nikabisha hodi nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akatoka mtoto wa kiume akiwa na kipande cha muhogo mkononi. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Pwani," akasema. "Leo bamvua."

Sikuwa nimeutazama mwezi. Nikakaa barazani kwao, karatasi zangu pajani, nikangoja maji yajae.